Kuunganisha laptopu na redio ya sebuleni: wapi ulipe, wapi usilipe

Ingia duka la vifaa vya sauti, useme unataka kuunganisha laptopu na redio kubwa ya nyumbani. Unaweza kutoka na waya wa AUX wa bei ya soda chache. Unaweza pia kutoka na kisanduku cha alumini, waya wa USB uliofunikwa kwa nyuzi za kusukwa, na deni. Vyote viwili vitatoa muziki. Kinachobaki ni kujua kama hicho cha pili kinaongeza kitu ambacho sikio lako litakitambua.

Kwa watu wengi, hakiongezi. Kipande cha njia kilicho kati ya kompyuta na amplifaya kilishapata ufumbuzi wa bei nafuu miaka mingi iliyopita. Watu wanapolalamika kuhusu kipande hicho, mara nyingi wanalalamikia mvumo, mchakacho au mipangilio iliyokaa vibaya, na kila kimoja kati ya hivyo kina chanzo chake na dawa yake. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa kutibu: tunaanza na kisichogharimu kitu, na pochi inafunguliwa pale tu ugonjwa unapokataa. Usiruke hatua, hata kama muuzaji amekushawishi.

Hatua ya 1: Jua namba zinageuka kuwa sauti mahali gani

Wimbo ukiwa ndani ya kompyuta ni namba tupu. Spika haisomi namba. Inaendeshwa na umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo lazima njiani kuwe na kigeuzi, ambacho mafundi na wauzaji wote wanakiita DAC. Laptopu yako inayo. Simu yako inayo. Sabufa yenye tundu la flashi inayo, TV inayo. Anayekuuzia DAC anakuuzia ya pili, na ana wajibu wa kukueleza ile ya kwanza imekukosea nini.

Kabla ya DAC kinachosafiri ni namba, nazo ama zimefika salama ama hazikufika. Baada ya DAC kinachosafiri ni umeme mdogo, volti moja au mbili hivi, ambao chochote kilicho jirani kinaweza kuuchafua. Ukilishika hilo, nusu ya matangazo ya vifaa vya sauti yanajijibu yenyewe. Waya wa USB hauwezi "kulainisha sauti za juu" wala "kufungua besi", maana ndani yake hazipiti sauti za juu wala besi. Namba zikipotea kwenye USB utasikia mkatiko, mlio wa "tk-tk", au ukimya kabisa. Hutasikia muziki uleule ukiwa umefifia kidogo.

Namba zenyewe zinatosha? CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16. Kipimo hicho kinabeba masafa hadi karibu 22,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), wakati sikio la kijana mwenye afya linaishia kama 20,000 Hz na la mtu mzima linaishia chini ya hapo. Biti 16 zinaacha desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mnong'ono wa mwisho. Sebule ya mjini, feni inazunguka na bodaboda zinapita, haikosi kelele ya desibeli 35. Ili usikie desibeli zote 96 juu ya kelele hiyo ungepiga muziki kwa zaidi ya 130, na hapo masikio yangekuwa yameshaharibika.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha jaribio katika jarida la wahandisi wa sauti, AES. Walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawataka wasikilizaji waseme lini kifaa kimewashwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ukirusha shilingi hewani utapata kama hivyo.

Hatua ya 2: Tazama matundu uliyonayo

Geuza amplifaya au sabufa uitazame mgongoni, kisha tazama ubavu wa laptopu.

Tundu la hedifoni la 3.5 mm kwenye laptopu na pini mbili za RCA kwenye redio, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto: hii ndiyo njia ya kawaida kuliko zote. Unahitaji waya mmoja wenye 3.5 mm upande mmoja na RCA mbili upande wa pili. Chomeka palipoandikwa AUX, LINE IN, CD au TAPE IN. Usichomeke PHONO. Tundu la PHONO ni la kinanda cha santuri: linakuza umeme mdogo sana na kuongeza besi kwa makusudi, hivyo laptopu ikiingia hapo inatoka na sauti iliyopasuka na kujaa mvumo, na mtu anaweza kudhani laptopu yake ni mbovu.

Tundu la mwanga, lenye kifuniko kidogo na mwanga mwekundu ndani, huandikwa OPTICAL au TOSLINK. Ni kazi ya Toshiba ya mwaka 1983. Laptopu chache zinalo. Ukiwa na MacBook Pro ya zamani, ya mwaka 2015 kurudi nyuma, tundu lake la hedifoni hutoa pia mwanga, na kwenye soko la mtumba hizo bado zipo. Waya wake ni mwembamba wenye kichwa kidogo upande mmoja.

HDMI ni njia ambayo watu wengi wanaisahau. Laptopu ikiingia kwenye TV kwa HDMI, sauti inaingia nayo, na TV inaweza kuitoa kwa OPTICAL au kwa HDMI ya ARC (tundu la HDMI linaloweza kutoa sauti ya TV) kwenda kwenye saundiba au redio. Watu wengi wananunua kisanduku kidogo cha kugeuza OPTICAL kuwa RCA, wanachomeka kila kitu, halafu ukimya. Tatizo karibu kila mara ni kwamba TV inatoa Dolby, yaani sauti iliyofungashwa kwa mtindo maalumu, na kisanduku kile hakielewi Dolby. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, chagua PCM, yaani namba za sauti zisizofungashwa, na sauti itatoka papo hapo.

Bluetooth inatosha kwa muziki wa kupikia na wa wageni. Kasoro yake kubwa ni kuchelewa: kwa mfumo wa kawaida wa SBC sauti huweza kubaki nyuma kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, jambo ambalo halisumbui kwenye wimbo, lakini kwenye mchezo wa kompyuta au wakati wa kupiga kinanda linachosha. Ubora wenyewe si mbaya kama wanavyosema. Kama waya unaweza kufika, tumia waya. Kama kuna mtoto anayetambaa, tumia Bluetooth na ulale salama.

Hatua ya 3: Unganisha kwa waya wa bei ya chini, halafu panga vitasa vya sauti

Nunua waya wa 3.5 mm kwenda RCA wa mita unazohitaji tu. Unachokikagua dukani ni kichwa kinachokaza vizuri tunduni na shingo ya waya isiyolegea inapokunjwa. Dhahabu kwenye pini haiongezi sauti. Inazuia kutu, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja si la kupuuza, maana chumvi ya bahari inakula pini za kawaida. Lakini dhahabu hiyo ni utando tu, na hata nyaya za bei ya chini wanazipaka.

Sasa vitasa. Makosa mengi yanafanyika hapa. Laptopu iwekwe sauti ya asilimia 80 hadi 100, programu ya muziki iwe juu kabisa, na sauti ya chumba uipandishe na kuishusha kwa kitasa cha amplifaya. Ukifanya kinyume, laptopu 20 na amplifaya imefunguliwa hadi mwisho, unakuza kelele ya laptopu pamoja na muziki, na kila mnong'ono wa umeme unakuja mbele. Kama kwenye asilimia 100 sauti inakwaruza, shuka hadi 85 usikilize tena. Matundu mengine ya hedifoni yanaelemewa mwishoni.

Hatua ya 4: Safisha mipangilio ya kompyuta

Kwenye Windows fungua Settings, kisha System, kisha Sound, uchague kifaa unachotumia. Zima Audio enhancements. Laptopu nyingi zinatoka kiwandani na programu za "kuboresha" zilizotengenezwa kwa ajili ya spika zake ndogo. Zikipita kwenye sabufa zinafanya besi iwe kama debe. Kama kampuni iliyotengeneza laptopu imeweka programu yake ya sauti, ifungue na uizime nayo. Kwenye orodha ya Format chagua biti 24 na 48,000 Hz uendelee na maisha. Kwenye Mac mpangilio huo uko katika Audio MIDI Setup.

Kisha nenda kwenye chanzo. Spotify ina mipangilio ya ubora, na mtu anaweza kuwa ameiacha katika kiwango cha chini ili kuokoa bando, halafu anatafuta DAC ya kuiponya. Piga wimbo uleule katika kiwango cha chini na cha juu kabisa. Tofauti hiyo utaisikia, nayo haina bei zaidi ya MB. Faili za MP3 zilizopitia mikono mingi ya kurushiana kwa flashi ndiyo kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na hakuna kifaa kinachorudisha kilichokatwa.

Hatua ya 5: Sikiliza kasoro yenyewe, uitaje kwa jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Simamisha muziki. Acha amplifaya kwenye kiwango unachosikilizia kwa kawaida. Kaa unapokaa siku zote. Husikii kitu? Basi kiungo chako ni kizima. Nenda hatua ya 8. Hiyo "sauti nyeusi zaidi" wanayoiuza, yaani ukimya mzito zaidi nyuma ya muziki, haipo mahali unapoweza kuifikia.

Ukisikia mvumo mzito, "mmmm" usiobadilika, huo ni umeme wa ukutani. Kwetu umeme unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo unakuja kwa 50 Hz na 100 Hz. Chanzo chake cha kawaida ni mzunguko wa ethi (ethi ni waya wa kinga unaoelekea ardhini): laptopu ina chaja ya pini tatu yenye ethi, amplifaya au kitu kilichoungwa nayo kina ethi yake mahali pengine, na waya wa sauti katikati unazifungisha ethi hizo mbili. Umeme mdogo unazunguka humo, na amplifaya inaukuza. Dishi au antena ya TV iliyoungwa na dikoda ni mshiriki mkubwa wa jambo hili, hata pale ambapo sabufa yenyewe ina plagi ya pini mbili tu.

Pima hivi. Chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Mvumo ukifa, umeshampata mhusika. Ukibaki, rudisha chaja na uchomoe waya wa antena kutoka kwenye dikoda. Ukibaki tena, chomoa waya wa sauti kutoka kwenye amplifaya: mvumo ukiendelea bila kitu chochote kuunganishwa, basi ni ugonjwa wa amplifaya yenyewe, pengine kapasita zilizozeeka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Dawa zinafuatana kwa bei. Kwanza, chomeka laptopu, TV na redio kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi inatosha. Pili, weka kisanduku kidogo kinachoandikwa Ground Loop Isolator kwenye waya wa AUX. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo zinazopitisha sauti bila kuziunganisha ethi. Vile vya bei ya chini sana vinapunguza besi kidogo, lakini vinaua mvumo. Tatu, tumia njia ya mwanga kama unayo, kwa sababu plastiki haipitishi umeme na mzunguko unakatika kabisa.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia: DAC ya USB peke yake haikati mzunguko wa ethi. Waya wa USB una waya wa ethi ndani yake, na mvumo unaweza kupita humo humo ukatokea upande wa pili, safari hii ukiwa umegharimiwa.

Na usikate pini ya ethi ya chaja, wala usiifunge kwa selotepu. Najua tuna mazoea yetu na soketi, mpaka kalamu ya Bic imekuwa kifaa cha kufungulia tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Ethi ndiyo inayokuokoa siku chaja inapovuja. Mvumo unaudhi, huo umeme mwingine unaua.

Kasoro ya pili ni mchakacho unaobadilika: unaposogeza kipanya, unapofungua ukurasa, diski inapofanya kazi, kunatoka "zzz-tik-zzz". Hizo ni kelele za ndani ya kompyuta zinazoingia kwenye DAC yake iliyobanwa kati ya saketi nyingine. Hapa ndipo DAC ya nje ya USB ina sababu ya kweli ya kuwepo, kwa kuwa inatoa kazi ya kugeuza nje ya jumba lenye kelele. Jaribu kwanza kwa betri, maana chaja za bei rahisi nazo huleta mchakacho unaofanana na huu.

Ya tatu ni shhh ya kudumu, kama mvua ya mbali. Punguza kitasa cha amplifaya, ongeza cha laptopu. Ikiwa shhh inabaki vilevile hata kitasa cha amplifaya kikiwa sifuri, ni ya amplifaya, na hakuna waya utakaoiondoa.

Ya nne ni mkatiko wa "tk" au sauti kusita. Badilisha tundu la USB, ondoa habu, badilisha waya kwa mwingine wa kawaida mfupi. Waya wa USB 2.0 haukusudiwi kuzidi mita 5. Mkatiko ukiendelea, tatizo ni kompyuta iliyoelemewa au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa.

Hatua ya 6: Ukihitaji DAC, nunua ya namna hii

Anza na ndogo kabisa. Kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda tundu la 3.5 mm, kinachouzwa dola 9 Marekani, ni DAC kamili, na vipimo vya maabara vimekionyesha kikishindana na vifaa vya bei mara kumi yake. Kinafanya kazi kwenye Windows na Mac bila kuweka draiva. Toleo linalouzwa Marekani hutoa volti 1. Lile la Ulaya hutoa nusu yake. Kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka ndogo. Angalia usiuziwe cha kuigiza, maana masoko yetu yamejaa vya kuigiza vyenye tufaha lilelile.

Kama unataka kisanduku cha mezani chenye RCA mgongoni, vya Topping, SMSL, FiiO na Schiit vinapatikana kwa karibu dola 100. Kitu cha kutazama ni kipimo cha jumla ya kelele na upotoshaji. Kikiwa desibeli 100 chini ya muziki, hiyo ni sehemu ya 0.001 ya asilimia. Spika nzuri, kwenye besi, hupotosha asilimia 1 au zaidi bila mtu kulalamika. Kuhama kutoka 100 kwenda 120 kwa kuongeza dola 500 ni kusafisha kioo kilichokwisha kuwa safi huku dirisha lenyewe limefungwa.

Jina la chipu lililoandikwa kwa dhahabu kwenye boksi lisikusumbue. Namna saketi ilivyopangwa kuizunguka ina uzito zaidi. Maneno "async" na "USB Audio Class 2" utayakuta kila mahali: maana yake DAC inatumia saa yake yenyewe kupanga mwendo wa namba, na Windows 10 imekuwa ikiisoma aina hiyo bila draiva tangu 2017. Miaka ya nyuma lilikuwa jambo la kujivunia. Leo liko hata kwenye vifaa vidogo.

Hatua ya 7: Nyaya

USB: ule uliokuja na kifaa. Zipo nyaya za USB za muziki za mamia ya dola, na kazi yake ni ileile ya waya wa printa.

Mwanga: wowote, ila usiukunje kwa kona kali.

Spika: hapa unene una hesabu, chapa haina. Waya wa shaba wa 2.5 mm² una ukinzani wa takriban milioomu 7 kwa mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi mita 10, yaani oomu 0.07. Kwa spika ya oomu 8 hiyo ni chini ya asilimia 1. Waya wa 1.5 mm² unafanya oomu 0.12 hivi, bado ni sawa. Zile nyuzi nyembamba za rangi mbili zinazokuja na sabufa ndizo za kubadilisha kama chumba ni kirefu. Nenda duka la vifaa vya umeme, siyo duka la sauti, uombe waya laini wa nyuzi nyingi wenye njia mbili. Kagua kuwa ni shaba tupu: ukwaruze kwa kisu, ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue saizi moja kubwa zaidi.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akifichua waongo huko Marekani, alitangaza dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa sikio tupu nyaya za spika za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyaya za Monster. Pesa hazikuchukuliwa.

Hatua ya 8: Jipime kabla ya kulipa

Azima kifaa, au nunua mahali wanapokubali urudishe. Kisha fanya jaribio ambalo macho yako hayana kura.

Kitu cha kwanza ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Kifaa kinachotoa sauti kubwa zaidi kwa desibeli 1 tu, sikio litakisifia kuwa "wazi", "chenye uhai", na hutajua kuwa ni ukubwa tu. Vifaa vingi vya ghali vinatoa volti 2 pale laptopu inapotoa 1 au chini, kwa hiyo dukani vinashinda kabla mechi haijaanza. Chukua multimita ya fundi, iweke kwenye volti za AC, piga mlio wa 100 Hz kwa sauti ya wastani, upime kwenye vituo vya spika. Rekebisha mpaka vifaa viwili vitoe volti zinazolingana ndani ya asilimia 1. Hiyo ni kama desibeli 0.1.

Kisha mwite mtu akubadilishie waya huku umegeukia ukuta. Yeye arushe shilingi kuamua kipi kipigwe, aandike, asikwambie kitu. Wewe andika jibu lako. Fanyeni mara 16. Ukipata 12 au zaidi, kuna kitu unakisikia kweli, maana kwa kubahatisha hilo hutokea chini ya mara 4 kwa 100. Ukipata 9, rudisha kifaa dukani.

Kwa kulinganisha faili, MP3 dhidi ya FLAC (faili isiyokatwa kitu) kwa mfano, huhitaji msaidizi: programu ya bure ya foobar2000 ina nyongeza iitwayo ABX inayofanya kazi yote hiyo na kukuhesabia.

Wakati wa kulipa zaidi

Zipo hali ambazo bei ya juu ina haki yake. Hedifoni za oomu 250 au 300 zinahitaji volti nyingi kuliko laptopu nyingi zinavyoweza kutoa. Hapo nunua amplifaya ya hedifoni. Anayerekodi kwaya, podikasti au gitaa anahitaji kifaa cha studio chenye tundu la maikrofoni, mfano Focusrite Scarlett, na kifaa hichohicho kitamtosha kwa kusikiliza. Hahitaji DAC nyingine pembeni. Ukiwa na spika za studio zenye umeme wake, tumia njia zake za XLR au TRS zilizosawazishwa, kwa sababu zinafuta mvumo unaookotwa njiani hata waya ukiwa wa mita 10.

Pesa inayobaki, ipeleke kwenye spika. Tofauti kati ya spika mbili unaisikia ukiwa jikoni. Tofauti kati ya DAC mbili nzuri inatafutwa kwa maabara. Baada ya spika ni chumba, na vyumba vyetu vina tabia: sakafu ya vigae, kuta za saruji tupu, pengine mabati juu bila dari. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaorukaruka, zulia nene, mapazia mazito na kabati la vitabu vitafanya kazi ambayo hakuna kifaa cha dola 1,000 kinachoweza kuifanya. Spika mbili na kiti chako ziunde pembetatu ya pande sawa, twita (spika ndogo za sauti za juu) ziwe usawa wa masikio, spika ziache nafasi kutoka ukutani.

Sabufa nayo ina hila yake. Watu wanaitupa pembeni ya TV kwenye kona, besi inavimba, wanalaumu laptopu. Iweke kwa muda pale juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, bongo fleva au rhumba ya Kongo, halafu wewe mwenyewe zunguka chumbani ukiwa umeinama karibu na sakafu. Mahali ambapo kila noti ya besi inasikika sawasawa, bila moja kuvuma na nyingine kupotea, ndipo pa kuiweka. Majirani watakuona umerukwa na akili, funga pazia.

Ukiamua kununua amplifaya na spika za mtumba, ambazo kwa bei ileile mara nyingi zinazidi sabufa mpya ya plastiki, soma kibandiko cha nyuma. Amplifaya ya Ulaya au Uingereza, volti 220 hadi 240, inachomekwa moja kwa moja. Ya Japani ni volti 100 na ya Marekani ni 120; zikichomekwa ukutani kwetu zinaungua. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti mgongoni, igeuze kabla ya kuchomeka. Isiyo na swichi inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko: amplifaya ya wati 300 ipewe transfoma ya 500, na transfoma hiyo uiweke mbali na waya wa sauti, la sivyo mvumo wa hatua ya 5 utarudi.